Maji ya Msafiri: Siku Tano Kutoka Eldoret Hadi Turkana

Mtu wa Pwani akisikia neno jangwa, fikra zake huvuka bahari na kwenda Bara Arabu, kwa ngamia na misafara ya Hijaz aliyoisikia chuoni tangu utotoni. Ni wachache wanaokumbuka kwamba nchi yetu yenyewe ina jangwa, na kwamba anayeondoka Eldoret baada ya sala ya Alfajiri aweza kuufikia mchanga wake kabla ya jua kutua. Tumeona ni vyema kuwasimulia wasomaji safari tuliyoifanya huko, jamaa za nyumba tatu pamoja na maalima wetu wa madrasa aliyefuatana na mwanawe, jumla yetu watu 11. Ndani ya safari hiyo limo jambo moja ambalo vitabu vya fiqhi hulieleza kwa mistari michache, na jangwani likatujia mlangoni mwa hema.

Eldoret iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Wazee wa huko bado huutaja mji kwa nambari 64, kwa kuwa ulianza kama shamba la nambari hiyo katika mashamba waliyogawiwa walowezi. Asubuhi ya kuondoka, sisi tuliozoea joto la Mombasa tulikuwa tumejifunga kanga juu ya sweta, na pumzi zikitoka kama moshi wa chetezo. Magari yalikuwa mawili, madereva wawili, na kiongozi mmoja, kijana Mturkana aliyezaliwa Lodwar na kusoma Eldoret.

Kabla mizigo haijapakiwa, kijana huyo aliwakusanya wanawake, akauliza swali ambalo hatukulitarajia: "Mama zangu, kwa siku moja kila mtu hutumia maji kiasi gani?" Mmoja wetu akajibu kwa kicheko kwamba nyumbani hatupimi, tunafungua mfereji. Yeye hakucheka. Alitueleza kwamba safari yote ingepimwa kwa madumu ya lita 20, na kwamba mpishi, rejeta ya gari, mwenye kunywa na mwenye kutawadha wote watachota humo humo. Maalima akaitikia kwa kichwa, akamwambia, "Mwanangu, umesema kweli. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa kibaba kimoja tu." Tangu hapo, birika moja dogo likawa ndilo la udhu kwa kila mtu.

Njia hupita Kitale, kisha Kapenguria, mji uliobaki katika historia kwa kesi ya mwaka 1952 na 1953, walipohukumiwa Jomo Kenyatta na wenzake watano. Seli zao sasa ni makumbusho. Baada ya hukumu walipelekwa kaskazini, Lokitaung, na mwaka 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar, alikokaa hadi 1961. Basi njia tuliyoishika kwa matembezi ndiyo iliyowapeleka wafungwa. Serikali ya kikoloni ililiona jangwa kuwa ukuta wa gereza, ingawa wenyewe wa nchi wameishi humo vizazi kwa vizazi na kuliita nyumbani.

Kutoka Kapenguria barabara huteremka, na kila kona joto huongezeka. Usiku wa kwanza tulipiga hema Marich, katika njia nyembamba ya milima, kando ya mto unaotiririka mwaka mzima. Hapo hakuna aliyepima maji. Tulisali Magharibi na Isha kwa kuzikusanya na kuipunguza Isha, kwani tulikwisha kupita mbali mwendo wa marhala mbili unaotajwa na madhehebu yetu ya Shafi. Watoto walioona sala ya rakaa nne ikiwa mbili walidhani imamu amesahau. Ilikuwa darasa yao ya kwanza ya safari, na waliipata wakiwa wamekaa juu ya mkeka chini ya nyota.

Siku ya pili tulivuka Kainuk, mpakani mwa Pokot Magharibi na Turkana. Sehemu hii imejulikana kwa wizi wa mifugo na mapigano, na ndiyo sababu kiongozi wetu aliuliza habari za njia kwa simu mara tatu kabla ya kuturuhusu kupanda garini, wala hatukupita ila mchana. Baada ya hapo ardhi ikafunguka. Ikawa migunga yenye miiba, vichuguu virefu kama minara, na mito mikavu ambayo watu wa kaskazini huiita laga. Karibu na Lokichar yaligunduliwa mafuta mwaka 2012, na habari zake zilisikika dunia nzima. Lakini tulichokiona sisi barabarani ni watoto wakiinua chupa tupu za plastiki na kuzipindua, kila gari lipitapo. Hapakuhitajika mkalimani.

Lodwar tuliingia Adhuhuri. Mji huu uko chini sana kuliko Eldoret, na katika nchi inayouzunguka mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 250. Unaishi kwa mto Turkwel, unaotoka mlima Elgon na kuelekea ziwani, na kwa visima vilivyochimbwa kando yake. Msikitini tulikuta Wasomali wafanyabiashara na Waturkana Waislamu, na akina mama wakatupisha kivulini kwa salamu na maswali mengi ya Pwani. Tulijaza madumu matano, tukaingia mchangani kuelekea upande wa ziwa.

Tulikuwa bado mbali na ziwa gari moja lilipozama mchangani. Katika kuvuta na kusukuma, dumu moja liligonga jiwe likapasuka, na maji yake yakanywewa na ardhi kabla mtu hajaweka sufuria. La pili lilikwisha kwa chai, mapishi na rejeta. Tulipopiga hema kando ya laga, jua likikaribia kuzama, tulibakiwa na madumu matatu kwa watu 14, na kiongozi alisema hatutapata maji hadi adhuhuri ya kesho.

Ndipo walipokuja wanawake wawili wa Kiturkana na binti mdogo, pamoja na punda na mbuzi wachache waliolegea. Shanga zilijaa shingo zao, na mikononi walibeba vyombo vitupu. Walisalimu, "Ejoka," nasi tukaitikia kama tulivyofundishwa. Kiongozi akazungumza nao muda mrefu, kisha akatutafsiria: kisima chao, shimo walilolichimba katika mchanga wa laga, kimebomoka, na mahali pengine penye maji ni mwendo wa nusu usiku. Wanaomba ya binti na ya wanyama wadogo.

Palikuwa na kimya. Baba mmoja katika sisi, mtu mcha Mungu asiyependa kuchelewesha sala, alisema kwa upole kwamba tuwape ya kunywa binti, lakini tuhifadhi ya udhu wa Magharibi, Isha na Alfajiri, kwani udhu ni sharti ya sala na maji tunayo. Kiongozi naye alikuwa na hofu yake. "Mama, mimi ndiye nitakayeulizwa mkipatwa na jambo," alimwambia maalima. "Na hawa ni watu wangu. Siwezi kuwaambia hapana, wala siwezi kuwaambia ndiyo."

Maalima hakupandisha sauti. Alieleza kwamba wanazuoni wa Kishafi wamelitaja jambo hili waziwazi: maji yakihitajiwa na kiumbe mwenye kiu ambaye uhai wake una heshima, basi kwa hukumu ya udhu ni kama hayapo, ijapokuwa yamejaa ndani ya chombo. Wala hawakusema mwanadamu peke yake, wamemtaja na mnyama. "Maji haya mnayaona kwa macho," alisema, "lakini sheria haiyaoni. Ameyachukua mwenye kiu." Kisha akamgeukia yule baba: "Ndugu yangu, rukhsa ni zawadi ya Mola. Tusiirudishe mbele ya mtoto."

Tulihesabu. Dumu moja na chupa zilizosalia zingetosha kunywa hadi kesho kwa wanaojizuia. Madumu mawili yakapandishwa juu ya punda.

Likabaki suala la udongo. Sisi tuliokaa juu ya mchanga usio na mwisho tulidhani tayamamu haina kazi. Maalima akauchota mchanga wa laga, akaupuliza, haukutoka vumbi. "Katika madhehebu yetu twataka udongo safi wenye vumbi," akasema. Kiongozi wetu, ambaye si Mwislamu, alisikiliza kwa makini, akatuongoza hatua chache hadi kwenye ukingo wa laga, mahali mafuriko ya zamani yalipoacha tope laini lililokauka. Hapo tulipiga mikono mara mbili, kwa uso na kwa mikono hadi viwikoni, na tukarudia kwa sala ya pili, kwa kuwa kila faradhi ina tayamamu yake. Wengi wetu, tena watu wazima, tulikuwa hatujawahi kuifanya ila kwa kufundishwa.

Alfajiri, kabla hatujang'oa hema, mmoja wa wale wanawake alirudi na punda. Alishusha madumu yetu mawili, matupu, vifuniko vimefungwa. Huko dumu ni mali, na hatukuwa tumemwambia alirudishe. Alisema neno moja kwa kiongozi akaondoka. Tulipouliza amesema nini, tuliambiwa: "Amesema mtayahitaji."

Siku ya tatu tulifika Kalokol na kuliona ziwa, buluu iliyochanganyika na kijani, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 250. Teleki na von Höhnel walilifikia mwaka 1888 wakalipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, na jina la Turkana likaja 1975. Wapagazi wao walikuwa watu wa Unguja na Mrima. Hata kabla yao, misafara ya Pwani ilikuwa na habari za nchi hizi za bara. Mwaka 1870 jarida la wanajiografia wa London lilichapisha njia za misafara kama zilivyosimuliwa na Sadi bin Ahedi, kiongozi wa misafara kutoka Pwani yetu. Watu wetu, basi, si wageni wa kiu ya njia hii.

Ziwa lenyewe ni maji ya magadi, na sehemu yake kubwa hutoka mto Omo wa Ethiopia. Miaka ya 1980 lilirudi nyuma hata kiwanda cha samaki cha Kalokol, kilichojengwa kwa msaada wa Norway, kikabaki bila kazi. Miaka ya karibuni limepanda tena na kumeza fukwe, wakati nchi kavu jirani ilikuwa ikipitia ukame wa misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020. Usiku wa nne tulilala Eliye, penye chemchemi tamu na mikoma mingi. Wanawake wa huko husuka vikapu kwa miyaa ya mikoma hiyo, na akina mama wetu wakakaa nao asubuhi nzima, wakilinganisha ususi bila lugha ya pamoja. Siku ya tano tulirudi Lodwar na kuupanda mlima kuelekea baridi.

Kwa jamaa watakaopenda kwenda, tunashauri haya. Nendeni kundi dogo, pamoja na kiongozi mwenyeji, na muulizeni hali ya usalama kabla ya kulipa. Wanawake wachukue nguo nyepesi za pamba, pana na za rangi hafifu, na hema lao wenyewe. Chukueni mfuko mdogo wa udongo safi wenye vumbi, kwani si kila mchanga unafaa. Someni mlango wa sala ya msafiri na watoto kabla ya kuondoka. Na mnapopanga maji, pangeni pia fungu la mtu msiyemjua, kwa kuwa atakuja, na itakuwa kabla ya Magharibi, na hamtakuwa na muda wa kulijadili.

Wabillahi tawfiq.