Mbwa Waliofunguliwa Kamba na Mzee wa Kwenye Benchi



Wapendwa taifa la Mungu, katika miji yetu mbwa hufugwa ili kumzuia mtu. Maandishi ya "Mbwa Mkali" langoni humwonya mgeni hata kabla hajapiga hodi. Mchana mnyama hufungiwa bandani. Usiku hufunguliwa alinde mali. Ndiyo maana tulipopata nafasi ya kusaidia huduma za kiroho huko New York, Marekani, wakati wa kiangazi, tulistaajabu kukuta viwanja vilivyotengwa ili mbwa wafunguliwe kamba, wakimbie na kucheza.

Karibu na nyumba tuliyofikia ilikuwepo bustani ya umma iitwayo Tompkins Square Park, upande wa East Village, Manhattan. Ndani yake mna uwanja wa mbwa uliozungushiwa uzio, ulioanzishwa mwaka 1990, wa kwanza wa namna hiyo katika bustani za jiji hilo. Uhuru wa mle una masharti yake. Mbwa aliye nje ya uwanja sharti awe na kamba isiyozidi futi 6. Kuingia ni kwa malango mawili, na la kwanza hufungwa kabla ya la pili kufunguliwa, asije mmoja akachoropoka. Kila mbwa awe na leseni na chanjo ya kichaa cha mbwa, na mwenye mbwa huokota kinyesi kwa mkono wake, kadiri ya sheria iliyoanza kutumika mwaka 1978. Katika bustani nyingine kadhaa zisizo na uzio wa namna hiyo, mbwa huachiwa katika sehemu maalumu hadi saa 3 asubuhi, na tena kuanzia saa 3 usiku, ili mchana watu wengine wawe na nafasi yao.

Hata hivyo, moyo wetu ulichukizwa. Bustani hiyo ina historia chungu. Katika miaka ya 1980 watu wengi wasio na makazi waliishi humo. Agosti 1988, polisi walipotaka kutekeleza amri ya kuifunga usiku, zilizuka ghasia na watu wengi waliumia. Juni 1991 waliokuwa wakilala humo waliondolewa, bustani ikafungwa kwa matengenezo, ikafunguliwa tena mwaka 1992. Uwanja wa mbwa upo hadi leo.

Nasi kila asubuhi, nje ya uzio ule, tulimkuta mzee mmoja amejikunyata kwenye benchi chini ya blanketi. Ndani mbwa wanashangilia; nje binadamu hana pa kulala. Tuliona mahubiri yamejiandika yenyewe. Tulikumbuka tajiri na Lazaro (Lk 16:19-31). Tulikumbuka pia Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2418, inayofundisha kwamba ni kinyume cha hadhi ya binadamu kuwatesa wanyama bure, na kwamba haifai vilevile kuwatumia fedha ambazo kwanza zingepunguza taabu za watu.

Siku ya nne alikuja mama mmoja wa makamo na mbwa wake mzee. Mbwa yule hakuelekea langoni. Aliivuta kamba hadi kwenye benchi, akaweka kichwa magotini pa yule mzee. Mama alimsalimu kwa jina, akampa kahawa, akamwuliza habari za mguu uliokuwa ukimsumbua na siku ya kurudi kliniki. Alipoiona kola yetu, alituuliza kwa furaha, "Padre, kumbe nawe unamfahamu?"

Hatukuwa na jibu. Asubuhi tatu tulikuwa tumempita bila hata salamu.

Jioni ile tuliisoma Injili upya. Luka anaeleza kwamba mbwa walikuja kuviramba vidonda vya Lazaro. Wanyama waliodharauliwa ndio waliomsogelea. Tena tuliona jambo ambalo hatukuwahi kulitilia maanani: tajiri alilijua jina la Lazaro, kwani huko kuzimu analitaja. Lakini hata huko bado anamwona kuwa mtu wa kutumwa: amletee maji, aende akawaonye ndugu zake. Nasi tulikuwa tunataka kumtuma Lazaro mimbarini, akatusaidie kuwashitaki wenye mbwa.

Hatusemi kwamba swali la haki limekwisha. Jiji linaloweza kumtengea mbwa mahali pa kukimbia linapaswa kumtafutia mtu mahali pa kulala, na Kanisa halina ruhusa ya kunyamaza. Lakini anayemtetea maskini asiyemjua yuko hatarini kuitetea hoja yake mwenyewe.

Wapendwa, juma hili tumtazame yule aliye langoni petu: mlinzi anayekesha na mbwa wetu, mama auzaye mahindi ya kuchoma pembeni mwa ukuta, kijana aombaye mlangoni mwa kanisa. Kabla hatujazungumza habari zake, tuzungumze naye.

Mahubiri yale hatukuyatoa. Asubuhi iliyofuata tulisimama kwenye benchi, tukamsalimu mzee, tukamwuliza jina lake. Alitutajia, kisha akasogeza blanketi lake ili tupate nafasi ya kukaa.

Mwenyezi Mungu awabariki. Dominika njema.