SEHEMU YA 4: Jino bovu linaweza kusimamisha safari ya Dodoma

Tunaendelea na mfululizo wetu wa watoto wenye sikoseli, au selimundu kama inavyoandikwa kwenye kadi za kliniki. Leo naongelea kitu ambacho wengi hawakitegemei. MENO.

Kwa wageni, niwarudishe nyuma kidogo. Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017. Kwa watoto wetu wa sikoseli, habari kubwa ilikuja mwaka 2023, pale Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilipoanza kuwapandikiza uloto. Uloto ni ile nyama laini ndani ya mfupa inayotengeneza damu. Mara nyingi mtoaji ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja, na kila ndugu ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana na mgonjwa. Kwa hiyo ukipata wa kulingana, umeokota dhahabu.

Sasa kuna mama mmoja wa kwetu Lionja. Ameniruhusu nisimulie, jina nalihifadhi. Mwanawe ana miaka 8, na mdogo wake wa kike alipimwa akalingana. Hela ya korosho imewekwa pembeni kwa ajili ya nauli, Nachingwea mpaka Dar, Dar mpaka Dodoma. Kwenye orodha ya vipimo akakuta ameandikiwa aonwe na daktari wa kinywa na meno. Akaniuliza, "Sista, mwanangu anaumwa damu. Meno yanaingiaje hapa? Si ya utoto hayo, yatang'oka yenyewe!"

Nikamwambia mtoto afungue mdomo, nikamulika na tochi. Magego manne yametoboka, na kwenye ufizi wa chini kuna kipele chenye usaha. Hakuwa amelalamika hata siku moja. Mtoto aliyezoea maumivu ya mifupa, jino kwake ni kitu kidogo.

Nikamweleza hivi, na nyie mnisikilize. Kabla ya kupandikizwa, mtoto hupewa dawa kali za kuondoa uloto wa zamani ili mpya upate nafasi. Kwa siku kadhaa anabaki karibu hana chembe nyeupe, yaani askari wa mwili wote wako likizo. Wadudu waliojificha kwenye jino bovu wanapata njia nyeupe ya kuingia kwenye damu. Usaha ambao leo ni kipele, siku hiyo unaweza kumuua. Dawa zenyewe huleta vidonda mdomoni, na mdomo mchafu huvizidisha mpaka mtoto hawezi kumeza hata uji. Hata wanaosubiri figo ni hivyo hivyo, maana baada ya kupandikizwa watakunywa dawa za kushusha kinga, na baadhi yake huvimbisha fizi.

Yule mama alikaa kimya, halafu akasema, "Kumbe pipi nilizokuwa namtuliza nazo..." Nikamkatiza hapo hapo. Mama anayekesha na mtoto analia mifupa hana kesi ya kujibu. Na siyo pipi tu, hata dawa za maji tunazowapa zina sukari, tena wanakunywa usiku na kulala.

Meno mawili yakang'olewa, mawili yakazibwa. Kung'oa kunatakiwa kufanyike mapema, angalau wiki mbili kabla ya zile dawa kali, ili kidonda kifunge. Safari ikasogezwa mbele. Mama alilia, maana kila wiki ya kusubiri ni wiki ambayo mtoto anaweza kubanwa tena. Wanasubiri mpaka leo ninapoandika, ila mdomo uko safi.

Kwa hiyo mama, usisubiri uandikiwe. Fanya haya:

1. Mswakishe mtoto mara 2 kwa siku, dawa ya meno iwe na floridi. Chini ya miaka 3 weka kiasi cha punje ya mchele, miaka 3 mpaka 6 kiasi cha mbaazi moja. Usimwachie peke yake mpaka afike miaka 7 au 8.

2. Akinywa dawa ya maji, asukutue kwa maji. Ya usiku, anywe kabla ya kupiga mswaki.

3. Mpeleke kwa daktari wa meno kila miezi 6, na uanze kwa kusema "mwanangu ana sikoseli." Asing'olewe jino kabla wingi wa damu haujaangaliwa.

4. Shavu likivimba au homa ikipanda, ni hospitali siku hiyo hiyo. Maambukizi ya jino yanaweza kuamsha maumivu ya mwili mzima.

5. Na hili nasema kwa herufi kubwa: HAKUNA MENO YA NAILONI. Ule uvimbe mweupe kwenye ufizi wa kichanga ni jino lake halisi linalokua. Bibi akisema likakwanguliwe kwa fundi, mjibu kwa heshima, ila mtoto usimtoe. Kwa kichanga yeyote ni hatari, na mwenye sikoseli anaweza asirudi.

Sehemu ya 5 nitaongelea yule ndugu anayetoa uloto, maana naye ni mtoto na anaogopa. Mwenye swali aulize hapa chini, nikitoka zamu nawajibu. Usiku mwema, na kabla hamjalala, wamulikeni vinywani.