Kengele Iliyolia kwa Jasho

Katika miaka ya 1980 nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazee mjini London, na mimi mtu wa Mombasa niliyelelewa nikijua kwamba habari ya haja ndogo haitajwi ila kwa kunong'ona, nikakabidhiwa kazi ambayo katika barua zangu za nyumbani sikuthubutu kuieleza: kuvijaribu vyombo vya kutambua kuwa mgonjwa amejikojolea, na kutoa hukumu juu yavyo.

Kadhi wetu alikuwa mizani. Pedi hupimwa ikiwa kavu, mgonjwa akaivaa, kisha ikapimwa tena, na kila gramu iliyozidi huhesabiwa takriban mililita moja ya mkojo. Katika kipimo cha saa moja mgonjwa hunywa nusu lita ya maji, akatembea, akapanda ngazi, akakohoa mara kumi, na mwishoni akanawa mikono kwa maji ya bomba, ambayo mlio wake peke yake aghalabu huwashinda wengi.

Chombo ninachokikumbuka zaidi kilikuwa kitandiko chembamba chenye nyaya mbili zisizogusana. Mkojo, kwa kuwa una chumvi, huziunganisha, na kengele ikalia. Nilikijaribu kwanza mezani, nikikidondoshea kwa bomba la sindano maji yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, nacho kikafaulu bila ila. Walakini kitandani, juu ya shuka la mpira, kililia kwa jasho, maana jasho nalo lina chumvi; na bibi mmoja, mkavu kabisa, akaamshwa mara tatu usiku mmoja. Asubuhi nilimkuta ameuchomoa waya, ameukunja vizuri, akanikabidhi mithili ya mtu arudishaye amana.

"Sista," akasema, "nimezeeka, lakini sijawa gari la zimamoto."

Daktari wa watoto Pfaundler, aliyeeleza kengele ya namna hii mwaka 1904, alikusudia kuwaita wauguzi tu. Kwamba watoto, kwa kuamshwa na mlio wake, walijifunza kulala wakavu ilikuwa bahati njema. Bibi yule, aliyekuwa mkavu tayari, hakuwa na la kufunzwa.

Fomu niliyopewa ilikuwa na safu mbili, "kimelia" na "hakikulia". Nikachukua rula, nikaongeza ya tatu, "kimelia bure", na chini yake nikaandika kwamba chombo kile kisitumike wodini mpaka kengele yake ihamishiwe kwenye meza ya wauguzi.