Jina la Mtungaji

Aghalabu mtazamaji wa sinema humkumbuka mwigizaji, asimjue aliyeutunga mchezo. Nami, mwalimu wa lugha, niliwahi kutenda kosa la namna hiyo. Kabla ya kuliungama, niwaeleze habari za Frances Marion.

Bibi huyu alizaliwa San Francisco, Marekani, mwaka 1888. Alianza kazi Hollywood akiwa msaidizi wa Lois Weber, mwanamke aliyekuwa mwongozaji wa sinema. Zama hizo sinema zilikuwa bubu: maneno machache yaliandikwa baina ya picha na picha, mengine yote yakaachiwa uso na mikono ya mwigizaji. Ilimpasa mtungaji kujua neno lipi halina budi kubaki. Mwaka 1917 alimwandikia Mary Pickford mswada wa The Poor Little Rich Girl.

Sauti ilipoingia, hakutetereka. Mwaka 1930 ilionyeshwa Anna Christie, sinema ya kwanza ambamo Greta Garbo alisikika akisema. Mswada ulikuwa wake. Kwa ajili ya The Big House, habari ya wafungwa, alikwenda mwenyewe katika gereza la San Quentin ili ajionee maisha ya humo. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Oscar, naye akawa mwanamke wa kwanza kuipata kwa uandishi. Baadaye aliipata tena kwa hadithi ya The Champ. Alifariki mwaka 1973. Garbo na Pickford wangali wakitajwa, yeye ni nadra.

Sasa kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita msichana mmoja, mwanafunzi wangu, alitunga mchezo kwa Kiswahili, lugha isiyosemwa nyumbani kwao. Ulichezwa siku ya wazazi, ukapigiwa makofi mengi. Katika ratiba niliandika majina ya waigizaji wote, na chini yake: “Umetayarishwa na Mwalimu.” Jina lake halikuwamo. Aliisoma, akaikunja taratibu, akaitia daftarini. Nilimwomba radhi, akaitikia kwa adabu. Lakini tangu siku ile hakuniletea utungo ila ule wa lazima.

Siku hizi, katika kila mchezo wa shule yetu, jina la mtungaji hutangulia. Walimu wenzangu, wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.