Bila Lebo ni Mchanga Tu

Majaribio yametubana wiki nzima, ila kuna kitu kinanizungukazunguka kichwani kuelekea TP.

Kwetu Lusu, Nzega, ukiokota jiwe swali ni moja: lina dhahabu au halina? Miamba yetu ina zaidi ya miaka bilioni 2, visukuku vya magamba usitafute. Vipo Kilwa na Lindi. Miaka ya 2000 watafiti wa Tanzania Drilling Project, wakishirikiana na TPDC, walichoronga udongo wa mfinyanzi kule wakapata foraminifera, viumbe vya baharini vya seli moja. Magamba yao, mengi hayafiki milimita moja, bado yanang'aa kama kioo! Mwaka 2009 Paul Pearson na wenzake wakayatumia kukadiria hewa ukaa iliyokuwepo miaka kama milioni 34 iliyopita, barafu ilipoanza kutanda Antaktika. Udongo wa Kilwa huo, jamani.

Sasa utata uko hapa. Kupima kemia ya gamba ni kuliyeyusha kwa asidi. Ukishapima, halipo tena. Na hata usipoligusa, udongo wenye pairaiti ukipata hewa na unyevu ghalani hutengeneza asidi yenyewe, ikayala magamba kimya kimya. Ndiyo maana sampuli nyingine huachwa akiba, pakavu. Magamba yaliyochambuliwa kwa brashi hupangwa kwenye slaidi yenye vyumba vya namba, na lebo: kisima gani, kina gani, nani kachambua. Lebo ikipotea, umebaki na mchanga tu.

Mtafiti ana fungu lake, sawa. Na mwanafunzi wa Nzega je? Simwombei yale adimu. Kwenye udongo wa aina hii kijiko kimoja kinaweza kutoa magamba mengi ya aina ileile. Machache yakiwekwa kando na lebo zake, shule ikapata slaidi, au hata picha nzuri pale pasipo na hadubini, utafiti haupungukiwi kitu. Bila hivyo, mtoto atakariri neno "kisukuku" mpaka amalize shule bila kukiona.

Mimi TP nitaanza na tulichonacho: kila mwanafunzi alete jiwe la kwao na kikaratasi: limetoka wapi, lini, nani kaokota. Jiwe lisilo na kikaratasi halipati maksi, hata liwe na dhahabu.

Haya, andalio la somo linanisubiri. Nyie mnapangiwa wapi?