Masikio ya Kaka Yangu

Kwetu ni Nyarugusu, Mkoa wa Geita, na mgeni aweza kupatambua hata usiku kwa mngurumo wa makarasha, yaani mitambo inayosaga mawe ya dhahabu. Kaka yangu hufanya kazi kwenye karasha moja. Tangu mwaka jana analalamika kwamba hata mtambo ukizimwa, masikioni mwake mna mlio kama wa nyenze. Mama alidhani ni mdudu, akataka kumtilia mafuta, kaka akakataa.

Nilimwuliza mwalimu wetu wa Bayolojia, naye akanieleza mambo ya kustaajabisha. Kusikia si kazi ya sikio peke yake. Sauti hupita vituo kadhaa, na kituo cha mwisho kabla ya gamba la ubongo huitwa thalamasi. Hapo zipo seli zinazopeleka habari mbele, na zipo nyingine ambazo kazi yao ni kuzuia tu. Hizo hutoa kemikali iitwayo gaba, iliyogunduliwa katika ubongo mwaka 1950, na seli inayoipokea hunyamaza kidogo. Ni kama breki za baiskeli; na baiskeli isiyo na breki mteremkoni, ndugu msomaji, wajua mwisho wake! Katika paka na nyani, karibu robo ya seli za sehemu hiyo ni za kuzuia. Panya hana hata zaidi ya moja katika mia, breki zake hutoka sehemu nyingine za ubongo. Kwa nini iwe hivyo, nimejiuliza sana.

Sasa, makelele yakiziua seli zenye vinyweleo ndani ya sikio, hazioti tena. Wataalamu wengi hufikiri kwamba ubongo, ukikosa habari kutoka sikioni, hubadili nguvu za breki zake, na seli huanza kupiga pasipo sauti yoyote. Kama chanzo hasa ni thalamasi au kwingineko, bado wanabishana.

Kipimo cha usalama ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda hupungua nusu. Zamu ya kaka ni saa 12.

Nilimweleza yote, nikampa viziba masikio. Akasema, “Mdogo wangu, nikiziba nitajuaje kwamba mashine inaharibika? Na nikiacha karasha, nauli yako na madaftari atalipa nani?” Sikuwa na la kujibu. Siku hizi huziba sikio la kulia tu; la kushoto huliacha lisikilize mashine.