Jalada la Kazi Ukambani: Kumbukumbu za Waombaji wa Usanifu Majengo

Katika kaunti za Kitui na Makueni, jalada la kazi za ubunifu, yaani mkusanyo wa michoro, picha na vielelezo ambao mwombaji huupeleka chuoni ili ijulikane jinsi anavyotazama vitu na kuvifikiria, halikutajwa shuleni kwa miaka mingi. Chanzo chake hakikuwa uhaba wa vipaji bali utaratibu wenyewe wa udahili. Masomo ya usanifu majengo yalianza Nairobi mwaka 1956 katika Royal Technical College, chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, na chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 na kuleta mtihani wa KCSE mwaka 1989, nafasi ziligawanywa na Bodi ya Pamoja ya Udahili kwa kupima alama za masomo kama hisabati na fizikia. KUCCPS, taasisi iliyorithi kazi hiyo kufuatia Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, iliendelea kuhesabu alama.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alipitia shule za huko katika miaka ya 1990, wakati Sanaa na Ufundi lilipokuwa bado somo la kutahiniwa katika darasa la nane. Wanafunzi walisuka, wakafinyanga, wakachora, na kazi zilizopendeza zikabandikwa ukutani hadi muhula ulipokwisha, kisha zikachomwa pamoja na takataka, wala hapakuwa na aliyeona kwamba kuna kilichopotea. Mtalaa ulipopunguzwa mwaka 2002, vipindi vya sanaa katika shule nyingi vilimezwa na hisabati, kwa kuwa somo lisilotahiniwa halikuwa na mtetezi mbele ya wazazi.

Kwa hiyo kijana aliyetaka kuomba nafasi nje, kwa mfano katika Architectural Association ya London au Chuo Kikuu cha Cape Town, ambako jalada hudaiwa, alilazimika kutengeneza kwa majuma machache ushahidi wa miaka ya kutazama. Matokeo yalifanana mno: jumba la ghorofa lenye vioo vingi lililonakiliwa kutoka gazetini, sura ya mtu maarufu iliyotolewa kwenye kalenda, na pengine ua la waridi, ingawa waridi si mmea ambao mtoto wa Mutomo hukutana nao njiani. Waombaji hao waliamini kwamba mkaguzi anatafuta umahiri wa mkono, ilhali michoro ya majaribio, iliyofutwafutwa na kusahihishwa, ndiyo ambayo ingemwonyesha wazo likikua.

Walivyoviacha nje vilikuwa vingi. Kiondo, kilichosukwa zamani kwa nyuzi za gome la mbuyu na baadaye kwa katani, huanzia katikati ya kitako, nyuzi zikaongezwa kadiri duara linavyopanuka, hata msukaji akawa anatatua swali la jiometri pasipo kushika penseli. Matuta ya fanya juu, ambayo mtaro wake huchimbwa kwa kufuata usawa wa mlima na udongo wake kutupwa upande wa juu, hugeuza mteremko kuwa ngazi taratibu, msimu baada ya msimu. Mabwawa ya mchanga, ambayo shirika la SASOL limesaidia kuyajenga kwa wingi Kitui tangu miaka ya 1990, ni kuta zinazokatiza mito ya msimu: mafuriko huacha mchanga mzito nyuma ya ukuta, tope jepesi likapita juu, na maji yakahifadhika katikati ya chembe za mchanga, mbali na jua. Mchoro wa mkato, yaani ule unaoonyesha kitu kana kwamba kimepasuliwa ili undani wake uonekane, haupati somo bora kuliko hilo.

Simu zenye kamera zilipoenea, karatasi haikuwa tena kikwazo, na baadhi ya majalada ya miaka ya karibuni aliyoyaona mwandishi yana mabwawa hayo, yamepimwa kwa hatua na kuchorwa kwa mkato, pamoja na picha za mafundi wakipanga tanuri la matofali. Nayo si nadhifu kama yale ya zamani. Hiyo ni sifa.

Mtalaa wa umilisi, ulioingia katika madarasa ya mwanzo mwaka 2019, umelifanya jalada kuwa jambo la kawaida, hata mtoto wa darasa la tatu akawa na lake, ingawa mara nyingi hukusanywa humo kazi zilizokamilika tu, nyingine zikiwa zimemaliziwa usiku na mzazi, huku majaribio yaliyoshindikana yakitupwa kama zamani. Katika sekondari ya juu, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza Januari 2026, fizikia imewekwa katika mkondo wa sayansi na sanaa za kuona katika mkondo wa sanaa na michezo, na si kila shule inayofundisha mikondo yote, hivyo mwanafunzi wa Wote au Mwingi anayeuwania usanifu majengo huenda akalazimika kuchora nje ya ratiba, kwa karatasi zake mwenyewe.